Foto za nyumbani: zisibakie ndani ya simu tu

Kwenye matanga moja hapa Butembo, familia ilihangaika usiku kucha ikitafuta foto ya marehemu. Kijana alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Manguredjipa. Foto alikuwa nazo, tena mingi: mbele ya shimo na wenzake wa timu, sokoni, na mtoto wake mikononi siku ya ubatizo. Lakini zote zilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa mfukoni wakati udongo uliporomoka. Mwishowe mtu mmoja akachukua ile foto ndogo ya profili ya WhatsApp, wakaenda kuikuza mpaka ikajaa karatasi ya A4. Uso ukatoka viraka-viraka vya mraba. Njo ile waliweka kwenye kadre. Na mtoto yule, baba yake atamjua kwa vile viraka.

Nyumbani kwetu kuko foto ya babu, nyeusi na nyeupe, ya zamani kabla nchi haijaitwa Zaire. Iko mpaka leo. Foto za simu yangu ya kwanza, sina hata moja. Ile ya babu ilitengenezwa kwa chumvi ya feza iliyopakwa juu ya karatasi, ile inageuka nyeusi ikipigwa na mwangaza. Ni madini, kwa kweli. Na simu nayo ilitoka shimoni: ndani yake kuko tantale ya kolta na dhahabu kidogo. Tunachimba vitu vinavyobeba foto za dunia nzima, na za kwetu zinapotea.

Dawa yake ni kitabu cha foto cha nyumbani. Kwanza tuongee juu ya ile foto yenyewe, sababu watu wengi wanakosea hapo. Ukituma foto kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaminywa, na upande wake mrefu unabakia na nukta karibu 1600. Kwa foto ya santimeta 10 kwa 15 inatosha, inatoka safi. Lakini ukiikuza mpaka A4, uso unaanza kufifia. Kama unataka foto kubwa, itume kama dokima, siyo kama foto. Hapo inafika nzima. Na ile ya profili uache, ni ndogo sana.

Sasa kuchapa. Kuko mashini za wino wa maji na kuko mashini za leza. Ile ya leza inayeyusha unga wa plastiki juu ya karatasi kwa moto; foto haing'ai sana, lakini maji hayaifuti haraka. Ile ya wino wa maji inatoa rangi nzuri kwenye karatasi ya foto, ila wino wa bei rahisi unakimbia ukilowa na unapauka juani. Wote tunakumbuka kadi za mchaguzi za 2023, namna maandishi yalianza kufutika zingali mfukoni. Kwa hiyo, mbele ya kulipa foto makumi mbili, omba wachape moja tu. Iache ikauke, kisha dondosha tone la maji kwenye pembe. Rangi ikikimbia, tafuta mahali pengine.

Je, ununue mashini yako? Mimi sishauri kila nyumba inunue. Mashini ya wino ikikaa wiki nyingi bila kazi, wino unakauka kwenye vitundu vyake vidogo, na kuisafisha kunakula wino mwingi kuliko foto zenyewe. Afazali watu wa likelemba moja wanunue moja, ya kujazwa wino kwa chupa, ikae kwa mama mmoja mwaminifu, na kila wiki atoe ukurasa mmoja wa rangi hata kama hakuna kazi. Kwa wale wanategemea pano ya jua na batri: mashini ya wino inakula umeme kidogo na konvertiseri ndogo inaiweza. Ya leza inavuta mamia ya wati wakati inapasha moto, itazima kila kitu nyumbani.

Karatasi ya foto ni ya bei, usiipoteze. Kwenye A4 moja unapata foto ine za 10 kwa 14, zikipangwa vizuri. Ziache siku nzima zikauke kabla ya kuzifunika na plastiki, la sivyo zitashikamana.

Kitabu chenyewe tunaweza kukitengeneza, na hapo watoto wanafurahi kuliko kwenye runinga. Kartoni ya boksi ya biskuti ni jalada. Ifunike na vipande vya kitenge ambavyo fundi wa nguo anatupa. Kurasa ziwe karatasi nzito, zitobolewe na kufungwa kwa kamba, ili uweze kuongeza zingine. Usibandike foto kwa gundi ya unga wa muhogo: mende na panya watakula uso wa nyanya yako. Kata pembe ndogo za karatasi, ubandike pembe peke yake, foto iingie ndani kama barua kwenye bahasha. Hivyo unaweza kuitoa siku mtu anataka kopi. Zile albamu za dukani zenye kurasa za kunata, miye nazikataa. Baada ya miaka gundi inakuwa ya manjano na foto haitoki tena bila kupasuka.

Halafu andika majina. Hii njo kazi ambayo watu wanaidharau. Kwetu huku, kuandika « Kambale » chini ya foto ni kama haujaandika kitu, sababu Kambale yuko katika kila nyumba, vilevile Kasereka, Masika na Kahindo. Andika: Kambale, mtoto wa fulani, foto ilipigwa mahali fulani, mwaka fulani, alikuwa anafanya kazi gani. Kama anayejua majina ni bibi peke yake, kaa naye jioni hii.

Kitabu kiwe kidogo. Beni wanajua sababu, tangu mauaji ya Oktoba 2014. Mwaka 2024, mashambulizi ya ADF yalipofika sekta ya Bapere, watu walikimbilia Butembo na kile mkono uliweza kubeba. Kadre kubwa ya ukutani inabakia na nyumba. Kitabu cha ukubwa wa kaye ya shule, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kinaingia pamoja na kadi na diplome. Kwa Butembo, kwenye baridi na unyevu, ukifungue mara kwa mara kipate hewa. Ukungu unapenda kitu kilichofungwa muda mrefu.

Na nyinyi mko mashimoni: mkipanda kuja nyumbani Noeli, chagueni foto kumi tu, siyo mia tatu. Moja iwe ya uso wako peke yako, mchana, bila kofia ya kazi na bila matope. Chapeni kopi mbili, ya pili ikae kwa dada yako au kwa shangazi, katika mji mwingine.