Kabla Mtoto Hajaacha Ziwa

Nyumba za Pwani zina kalenda yao ya uzazi. Mzazi hukaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na arobaini ikitoka ndipo huanza kushika kazi za nyumbani kidogo kidogo. Mtoto naye ana hesabu yake. Kurani inataja miaka 2 kamili ya kunyonya kwa anayetaka kuitimiza, na mabibi wa Likoni na Kisauni bado huonya kwamba mama akishika mimba mtoto hajaacha ziwa, yule mdogo atabemendwa, yaani atadhoofika. Shirika la Afya Duniani, kwa sababu zake za kitabibu, limefika karibu na hapo hapo: linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Kazini kuna kalenda tofauti. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinampa mwajiriwa wa kike likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Ukiondoa arobaini humo, zinabaki siku kama 50, na mama anatakiwa arudi kwenye cherehani, kaunta au ofisi huku mtoto amefika nusu tu ya ile miezi 6 ya kunyonya bila kuongezewa chochote.

Lakini mimba haifuati kalenda ya nyumba wala ya kazi. Mama wa Changamwe amerudi kazini, mtoto ana miezi 5, na anagundua ni mjamzito tena. Swali linalomkosesha usingizi si la dawa wala la nguo za mtoto. Je, likizo ya pili atalipwa, au lazima kwanza afanye kazi mwaka mzima, au miaka miwili, ndipo haki irudi upya?

Kwa sheria ya Kenya, jibu ni fupi: hakuna muda wa kungoja. Kifungu cha 29 hakisemi mwajiriwa awe amekaa kazini miezi mingapi ndipo astahiki. Hakitaji idadi ya watoto, wala hakiweki miezi kati ya likizo moja na nyingine. Anachohitaji kuwa nacho mwanamke siku ile anapoondoka ni ajira. Akiwa mwajiriwa, miezi yake 3 ipo, hata kama ya mwisho aliichukua mwaka jana.

Tuweke tarehe ili jambo lionekane. Fundi wa cherehani anaanza likizo tarehe 1 Machi na kurudi kazini tarehe 1 Juni. Mwezi huo huo wa Juni mimba inaingia, na mtoto wa pili anatarajiwa Machi ya mwaka unaofuata. Kati ya likizo mbili atakuwa amefanya kazi miezi 9. Mshahara wa miezi 3 ya pili ni haki yake sawasawa na ule wa kwanza. Likizo yake ya mwaka, zile siku 21 za kazi zinazostahiki baada ya kila miezi 12 ya utumishi, nayo haiguswi; sheria inasema wazi kwamba kuchukua likizo ya uzazi hakumpotezei mwanamke likizo ya mwaka. Sentensi hiyo haikuandikwa bure. Sheria ya Ajira iliyotangulia, ya mwaka 1976, ilitoa miezi 2 tu, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Mama za wanaozaa leo walizaa chini ya sheria hiyo, na si ajabu kwamba hofu ya kuadhibiwa kwa kuzaa bado imo katika ushauri wanaowapa mabinti zao.

Hofu hiyo ina chanzo kingine, nacho kiko karibu. Toka Likoni, fuata barabara ya Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga, vuka mpaka uingie Horohoro, na hesabu inabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hutoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, lakini ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa huko, NSSF, una fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miaka 3 ya mwisho. Akishalipwa, hungoja miaka 3 kabla ya kulipwa tena. Sheria hiyo ya 2004 imeacha mlango mmoja wa huruma: mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama anaweza kupata siku nyingine 84 katika mzunguko ule ule. Fundi wetu wa Juni na Machi, kama angekuwa Tanga, mtoto wake wa pili angezaliwa ndani ya mzunguko wa wa kwanza.

Na aliye na dada Toronto atasikia hesabu ya tatu. Kanada hulipa kutoka bima ya ajira, na sharti la kawaida ni saa 600 za kazi iliyokatiwa bima ndani ya wiki 52, au tangu dai la mwisho lilipoanza kama ni karibuni zaidi. Kwa saa 40 kwa wiki, hizo ni wiki 15. Huko mama huweza kweli kuketi na karatasi akapanga: nirudi kazini Septemba, nitimize saa zangu, ndipo nijifungue. Hesabu hiyo ina maana Kanada kwa sababu anayelipa ni mfuko, na mfuko hutaka kwanza uwe umetia ndipo utoe.

Mombasa hakuna mfuko. NSSF ya Kenya hailipi mshahara wa uzazi. Miezi 3 yote hutoka mfukoni mwa mwajiri, peke yake, iwe ni Mamlaka ya Bandari yenye maelfu ya wafanyakazi au saluni ya Bombolulu yenye wasusi watatu. Kwa mfanyakazi wa shilingi 20,000 kwa mwezi, likizo moja ni 60,000. Mbili zilizofuatana ni 120,000, na bado kuna wa kushika nafasi yake. Mwenye saluni hana pa kuurudisha mzigo huo. Wengine huubeba kwa moyo mmoja. Wengine hutafuta njia ya kuutua, na hapa ndipo inapoingia kalenda nyingine, ile inayotawala maisha ya wanawake wengi wa bara ya Mombasa kuliko sheria yenyewe: kalenda ya mkataba.

Angalia viwanda vya nguo vya EPZ, vinavyoshona za kuuza nje, upande wa Changamwe na Jomvu. Oda zikija kutoka Marekani, watu huitwa. Oda zikipungua, watu huachwa. Angalia hoteli za Bamburi na Shanzu: Desemba zimejaa wageni, na Aprili mvua za masika zikianza vyumba hufungwa. Kazi ya namna hiyo huzaa mikataba ya miezi mitatu mitatu, au kazi ya kibarua, ya kulipwa kila jioni. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake, mahakama za Kenya kwa kawaida huchukulia kwamba umekwisha wenyewe, wala mwajiri halazimiki kuurefusha. Mwanamke wa mimba ya miezi 7 ambaye mkataba wake umeisha Ijumaa hana likizo ya kudai Jumatatu. Hakufukuzwa, hakubaguliwa kwa maandishi yoyote. Jina lake halikuitwa tu.

Kwa hiyo ule muda wa kungoja ambao sheria haikuuandika, mkataba umeuandika. Kwa mwanamke huyu, kurudi kazini kabla ya mimba nyingine ni kutafuta tena lango litakalompokea, na kuomba mkataba huu uwe mrefu kuliko tumbo.

Hata hivyo sheria haikumwacha kibarua mikono mitupu. Kisheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema mtu huyo akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, si kibarua tena. Ajira yake inahesabiwa kuwa ya mwezi kwa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi huhesabiwa ndani, na sikukuu pia. Akipitisha miezi 2 mfululizo tangu aanze, anastahiki masharti yale yale ambayo angepata kama asingeanza kwa kibarua, na likizo ya uzazi imo.

Wengi wanaovuka miezi hiyo 2 hawajui kwamba wameivuka. Na anayejua anahitaji kuonyesha. Hapa daftari la shule la shilingi chache lina thamani kubwa: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi alicholipwa, nani alilipa. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Kadi ya getini ipigwe picha. Afisa wa kazi au hakimu hawezi kuhesabu siku ambazo hazikuandikwa popote, na dai la ajira lina muda wake pia, miaka 3 tangu jambo litokee.

Aliye na ajira ya kudumu naye ana karatasi moja asiyoweza kuiruka. Sheria inataka mwajiri apewe notisi ya maandishi angalau siku 7 kabla, au muda mfupi zaidi hali ikilazimisha. Notisi iseme mambo mawili: tarehe ya kuondoka, na kwamba mwandishi anakusudia kurudi. Hilo la pili husahaulika sana. Mtu huandika «naomba likizo ya uzazi kuanzia tarehe fulani» akaishia hapo, na bosi asiye na nia njema akapata pa kusemea kwamba mfanyakazi aliacha kazi. Mistari mitatu yatosha, nakala ibaki nyumbani, na aliyeipokea atie sahihi na tarehe juu ya nakala hiyo. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, anayo haki ya kukiomba. Mama akirudi, anarudi kwenye kazi yake ile ile, au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza.

Na mimba ya pili ikiwa ndiyo kosa pekee? Kifungu cha 46 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, na cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu hiyo. Zamani kulikuwa na kizuizi: hakuna aliyeweza kulalamika kwamba amefutwa isivyo haki kabla ya kutimiza miezi 13 kazini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya Samuel Momanyi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliona sharti hilo linakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Jaji James Rika wa Mahakama ya Viwanda alimpa haki mfanyakazi wa benki aliyekuwa amebaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Uamuzi huo ungali unatajwa katika kesi za namna hii, zikiwemo zinazofika Mombasa.

Kuna haki nyingine ambayo ni ndogo kwa kuitazama, nayo humgusa mama kila siku. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, na ampe mama muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, hadi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Mama anayeishi Mtongwe na kufanya kazi kisiwani hawezi kurudi nyumbani kumnyonyesha mtoto katika saa hiyo. Feri pekee yaweza kuimaliza. Yeye hukamua. Pasipo na chumba hukamua chooni, akayamwaga maziwa, maana hakuna friji ya kuyahifadhi. Ziwa lisilokamuliwa hupunguza maziwa, na kunyonyesha kukipungua, ile kinga ya asili dhidi ya mimba nayo hupungua. Chumba kile kinachoonekana cha anasa kina mkono wake katika swali tulilolianza.

Bili ya hospitali ni mlango mwingine kabisa, na haifai kuchanganywa na mshahara. Tangu Oktoba 2024 iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya hospitali, NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mkataba ukikatika, makato nayo hukatika, na mama lazima aendelee kuchangia mwenyewe ili jina lake liwe hai atakapofika Port Reitz au hospitali ya Likoni na uchungu umeshaanza.

Rwanda waliitazama shida hii ya mwajiri kubeba peke yake, wakaunda bima ya likizo ya uzazi kwa sheria ya mwaka 2016. Mfanyakazi hutoa asilimia 0.3 ya mshahara, mwajiri naye 0.3, na wanaume huchangia sawa na wanawake. Ilipoanza, mwajiri alilipa wiki 6 za kwanza na mfuko ukarudisha gharama ya 6 zilizobaki. Kwa fundi wa Changamwe wa shilingi 20,000, asilimia 0.3 ni shilingi 60 kwa mwezi, na mwenye kiwanda angetoa 60 nyingine.