Tafuta Mayai Kwanza, Dawa Baadaye



Msimu uliopita mama mmoja kwenye kata yangu alinipigia simu: "Bwana shamba, nimepiga dawa mara tatu, viwavi wapo tu." Nilipofika, mahindi yalikuwa yanakaribia kiuno, na moyo wa kila mhindi umejaa kinyesi kama unga wa mbao. Viwavijeshi vamizi walishaingia ndani, dawa inaishia juu ya majani. Na hela ya dawa ilikuwa ya ada ya mtoto. Mayai yalikuwepo wiki kadhaa nyuma, ila hakuna aliyeyatafuta, na mimi sikuwa nimemfundisha.

Mdudu hatagi ovyo. Anataga mahali ambapo mtoto akianguliwa tu anakuta chakula. Ukijua mahali hapo, umemuwahi.

Viwavijeshi vamizi: Nondo wake hutaga usiku, mayai 100 hadi 200 kwa pamoja, mara nyingi upande wa chini wa jani. Huyafunika kwa manyoya meupe, ukitazama haraka utadhani ni ukungu. Kukiwa na joto huanguliwa ndani ya siku 2 hadi 4.

Bungua wa mahindi: Wapo wanaoficha mayai pale jani linapokumbatia shina. Vuta jani taratibu uchungulie.

Kantangaze wa nyanya: Hutaga yai moja moja, dogo sana, hasa kwenye majani machanga. Kiwavi akitoka hutoboa na kuingia ndani ya jani lenyewe.

Nzi wa matunda: Hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Kwa hiyo embe lililoanguka usiliache chini ya mti. Okota, chimba shimo refu, fukia.

Sasa ufanye nini? Mahindi yakishaota, ingia shambani mara 2 kwa wiki, asubuhi. Tembea kwa mtindo wa herufi W, simama sehemu 5, kila sehemu kagua mimea 10. Geuza majani. Ukikuta kifurushi cha mayai ya viwavijeshi, kisage kwa vidole. Hapo umeua viwavi zaidi ya mia bila kutoa hata shilingi.

Lakini angalia usiue rafiki. Ukiona mayai ya njano yamesimama wima kwa kikundi, karibu na vidukari (wadudu mafuta), hayo mara nyingi ni ya wale mbawakawa wadogo wa duara, wekundu wenye madoa meusi. Wao na watoto wao hula vidukari. Yaache.

Yule mama msimu huu alianza kugeuza majani mapema, watoto wanamsaidia wakitoka shule. Juzi kaniita nikaone. Mahindi yake yamefika magotini, na moyo wake ni msafi.

Nawe kesho asubuhi, kabla hujaenda duka la pembejeo, geuza jani.