Kuchagua Risasi ya Bunduki ya Kuwindia

Mtu anayetaka kutengenezewa bunduki ya kuwindia na fundi, badala ya kuinunua dukani ikiwa tayari, kwa kawaida huanza na mambo yanayopendeza macho: mti wa kitako, urefu wa mtutu, nakshi za chuma. Fundi mwenye ujuzi humrudisha nyuma na kumwuliza swali moja: bunduki hiyo itapiga risasi gani? Kila kipimo kitakachokatwa katika chuma hutokana na jibu la swali hilo, na chuma kikishakatwa hakirudishiki. Katika Tanzania jibu hilo huhusu sheria pia, kwa kuwa silaha zote za kiraia na risasi zake husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna ruhusa ya kuunda au kubadili bunduki bila kibali.

Kwanza yafaa maneno yaeleweke. Katika lugha ya kila siku neno risasi hutumika kwa vitu viwili: kitu kizima kinachowekwa ndani ya bunduki, na kile kipande kinachotoka mtutuni na kumpiga mnyama. Katika makala haya, risasi ni kile kitu kizima. Kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au ya manjano, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Kichwa ndicho kinachoruka. Majina ya risasi nayo huwatatiza wengi. Namba .375 maana yake ni kwamba kipenyo cha kichwa ni inchi 0.375, yaani karibu milimita 9.5, 7x57 ni ya kipenyo cha milimita 7 na ganda lenye urefu wa milimita 57, na 30-06 ni ya kipenyo cha sehemu 30 za inchi iliyogawanywa kwa mia, iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1906.

Sasa tazama jinsi risasi inavyoamuru bunduki. Risasi ya .375 Holland & Holland ina urefu wa milimita 91 hivi, na ukingo wa kitako chake una kipenyo cha milimita 13.5. Ile ya 30-06 ina urefu wa milimita 85 na kitako cha milimita 12. Sanduku la bolti lililotengenezwa kwa 30-06 haliwezi kupokea .375 bila kuchongwa sana, na kulichonga sana ni kuondoa chuma mahali panapobeba mlipuko wote. Anayeanza kwa kununua sanduku la bolti kwa sababu ni la bei nafuu, kisha akatafuta risasi ya kulijaza, amekwisha kufungiwa nusu ya milango.

Swali la risasi haliwezi kujibiwa bila kutaja mahali na mnyama. Mkoa wa Morogoro ni mfano mzuri, kwa sababu una mazingira yasiyofanana katika eneo dogo. Milima ya Uluguru hupanda zaidi ya mita 2,600, na misitu yake imehifadhiwa. Humo anaishi minde, mnyama mwenye haya asiyepatikana nje ya Tanzania, na bunduki haina kazi ya halali humo. Ukiishuka milima kuelekea mashariki na kusini, kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki, unafika nyanda za joto zinazoendelea mpaka Mto Rufiji. Eneo hilo ndilo lililoitwa Selous tangu mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo hakuna uwindaji; sehemu iliyobaki ni pori la akiba ambamo uwindaji wa vibali huendelea. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori yenyewe ina makao makuu yake Morogoro mjini, na askari wake huitwa mara kwa mara vijijini wakati tembo, viboko au nyati wanapoingia mashambani.

Katika nyanda hizo, baada ya masika, majani humzidi mtu kimo. Nyati huonekana akiwa umbali wa mita 60, mara nyingi 40. Wauzaji wa risasi husifu sana risasi ambazo njia yake hewani imenyooka, lakini hesabu ndogo huonyesha jinsi sifa hiyo isivyo na maana hapa. Kichwa cha 30-06 hufika mita 60 kwa muda wa sekunde 0.075 hivi, na katika muda huo mvuto wa ardhi hukishusha chini kwa sentimita 3. Kichwa kizito cha .458 Winchester, kiendacho polepole zaidi, hushuka kwa sentimita 5. Tofauti ya sentimita 2 katika bega la nyati si tofauti. Anayewinda pofu au kongoni katika mbuga ya wazi kwa mita 200 ana haki ya kulijali jambo hili. Anayeingia katika matete ya Kisaki hana.

Jambo la kujali ni kupenya. Hapa ndipo namba inayochapishwa juu ya kila kisanduku, yaani nishati, inapowapotosha watu. Nishati ni nusu ya uzito wa kichwa ikizidishwa kwa mraba wa kasi yake. Kichwa cha 7x57 chenye gramu 11.2 kinachoruka mita 700 kwa sekunde kina jouli 2,750 hivi. Kile cha 30-06, chenye gramu 11.7 na kasi ya mita 820, kina jouli 3,950 hivi. Kile cha .375, chenye gramu 19.4 na kasi ya mita 770, kina jouli 5,750. Kwa kutazama namba hizi peke yake mtu angesema kwamba 7x57 ni ya swala tu. Hata hivyo Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya elfu moja maishani mwake, na wengi wao aliwaua kwa risasi hiyo ya milimita 7.

Haukuwa uganga. Gawanya uzito wa kichwa kwa eneo la uso wake wa mbele, upate gramu ngapi zinasukuma kila sentimita ya mraba. Kichwa kile cha 7x57 kina gramu 27.5. Kile cha .375 kina gramu 27.2, yaani karibu sawasawa. Kile cha 30-06, ambacho kina nishati kubwa kuliko 7x57, kina gramu 24.4 tu. Kichwa chembamba na kirefu hupenya kama msumari. Kichwa kifupi na kinene husimama upesi. Bell alitumia vichwa vilivyofunikwa kwa chuma kigumu pande zote, ambavyo havikuvunjika ndani ya mfupa, na alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Lakini isisahaulike kwamba alipiga kwa utulivu wa ajabu, mahali pa wazi, tembo ambao hawakuwa wameizoea bunduki. Mtu wa kawaida anayemkuta nyati aliyejeruhiwa vichakani hana hata moja kati ya hali hizo. Ndiyo maana kwa wanyama wakubwa walio hatari kipimo kinachotakiwa nchini hakipungui .375, na sharti hilo ni la busara: tundu pana humsamehe mpigaji aliyekosea kidogo, tundu jembamba halisamehe.

Umbo la kichwa lina uzito uleule katika uchaguzi. Kichwa laini, ambacho ncha yake ya risasi iko wazi, hufunguka kama uyoga kinapoingia mwilini, hukata njia pana, na mara nyingi hubaki ndani ya mnyama. Kinafaa kwa swala, kuro, pofu, na hata kwa simba. Kichwa kigumu hakifunguki. Hupita moja kwa moja, nacho ndicho cha tembo na kiboko. Kwa nyati wawindaji hubishana hadi leo. Katika shamba lililo karibu na nyumba ubishi huo una upande mwingine, kwa maana kichwa kigumu kilichompitia nguruwe pori kitapita pia ukuta wa udongo ulio nyuma yake.

Huja sasa suala la bega. Bunduki husukumwa nyuma kwa kadiri ileile kichwa na hewa ya moto ya baruti vinavyosukumwa mbele. Bunduki ya 30-06 yenye kilo 3.6 hurudi na nishati ya jouli 27 hivi, ya.375 yenye kilo 4 na ushei hurudi na jouli 50; ya .458 yenye uzito huohuo hukaribia jouli 80. Mwanadamu hujifunza kuogopa kipigo pasipo kujua, na mwili unaoogopa hufumba jicho na kuvuta kifyatulio kwa kishindo. Frederick Selous, ambaye pori lile liliitwa kwa jina lake, na ambaye aliuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, alianza kuwinda tembo katika miaka ya 1870 kwa bunduki za kushindilia zilizopiga tufe la robo ratili, karibu gramu 113. Alilalamika baadaye kwamba mateke ya bunduki hizo yaliharibu upigaji wake kwa miaka mingi, na akatamani asingezigusa kamwe. Ni afadhali .375 inayopigwa vizuri kuliko .458 inayoogopwa na mwenyewe.

Joto nalo lina sehemu yake, na vitabu vya Ulaya hulisahau. Baruti iliyopata moto kabla ya kuwashwa huungua upesi zaidi, na kanieneo, yaani nguvu inayosukuma kila sentimita ya mraba ya ukuta wa chemba, huongezeka. Baruti ya kodaiti ya zamani ilikuwa na tabia hiyo kwa kiasi kikubwa: risasi iliyopimwa katika baridi ya London ilikwama chembani katika nchi za joto, na bolti haikufunguka wakati ilipohitajiwa mno. Kampuni ya Holland & Holland ilipoitoa .375 mwaka 1912, ililipa ganda lake umbo la kuchongoka kama karoti, ambalo hung'oka kwa urahisi hata likiwa limebanwa, pamoja na mkanda wa chuma kitakoni wa kulishikilia mahali pake. Umbo hilo lenye kuonekana kizamani ndilo lililolifanya liishi zaidi ya miaka mia.

Historia ya .458 Winchester Magnum ni kinyume chake. Ilitolewa mwaka 1956 ili nguvu za bunduki kubwa za kale za mitutu miwili zipatikane katika bunduki ya bolti ya bei nafuu yenye urefu wa kawaida. Ganda likawa fupi, baruti ikalazimika kushindiliwa, na katika baadhi ya risasi za miaka ile ilishikana na kuwa kidonge kisichoungua sawasawa. Kichwa kikatoka kikiwa kimepungukiwa kasi. Mwindaji wa Marekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 alipokuwa akitumia .458, na mwaka 1971 alitoa risasi yake mwenyewe yenye ganda refu zaidi. Baruti za leo zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, na .458 ni silaha nzuri kwa askari ambaye kazi yake ni kuwazuia tembo. Somo kwa mwenye kuagiza bunduki ni kwamba nafasi ndani ya ganda isidharauliwe kwa ajili ya kuokoa fedha za sanduku la bolti.

Kuna risasi nyingine ambayo ingekuwa jibu zuri kwa mwenye sanduku la Mauser la kawaida. Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alibuni 9.3x62 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, Tanganyika ya leo ikiwamo. Huingia katika Mauser ya modeli ya 98 bila kulichonga sana sanduku, hurusha gramu 18.5 kwa kasi ya mita 720, na hupenya kama .375 yenyewe. Lakini kipenyo chake ni inchi 0.366. Kimepungua kwa robo ya milimita tu kufikia kipimo cha wanyama hatari, na sheria haipimi kwa huruma. Kwa pofu na palahala ni risasi bora. Kwa nyati, mwenye nayo itambidi azime bunduki ya mwenziwe.

Kwa mkulima mwenye kibali aliye kwenye miteremko ya Uluguru, ambaye adui yake ni nguruwe pori, hakuna haja ya makubwa yote haya. 7x57 au 30-06 yenye kichwa laini inatosha na kuzidi. Analopaswa kulijua ni la mteremko. Mvuto wa ardhi hukivuta kichwa kwa kadiri ya umbali wa ulalo, si wa mteremko. Kwa hiyo anayepiga kuelekea bondeni kwa pembe ya digrii 35, mnyama akiwa mita 200, alenge kana kwamba yuko mita 164, la sivyo atapiga juu. Na iwapo nyuma ya mnyama hakuna udongo bali anga tupu la bonde, asipige, kwa kuwa kichwa hicho kitatua zaidi ya kilomita 3 mbele, na katika mabonde hayo hakuna kilomita 3 zisizo na watu.

Linabaki suala la upatikanaji. Risasi adimu, hata iwe bora namna gani, huigeuza bunduki kuwa fimbo. Tangu mwaka 1937, Winchester walipoanza kuuza bunduki yao ya Modeli 70 kwa .375, risasi hiyo imetengenezwa na viwanda vingi vya Ulaya na Marekani, na hiyo ni sababu kubwa ya kuichagua kuliko umaarufu wake. Mnunuzi aweke akiba ya toleo moja la kiwandani, lenye uzito mmoja wa kichwa, kabla fundi hajafunga shabaha. Vichwa vya gramu 17.5 na vya gramu 19.4 kutoka mtutu uleule havitui mahali pamoja, na bunduki iliyopangwa kwa kimoja haina budi kupangwa upya kwa kingine, kwenye uwanja wa shabaha, kabla ya kwenda porini.