Bakteria Wanaohimili Zebaki

Wilaya za Mbulu na Hanang, nchini Tanzania, zinajulikana kwa mashamba na mifugo, lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu nao wapo. Kwa mchimbaji mdogo, zebaki ndiyo njia ya haraka ya kunasa dhahabu katika mchanga uliosagwa kwenye karasha. Mchanganyiko ukichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Mvuke huingia mapafuni mwa anayechoma. Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, na mvua ikinyesha husombwa hadi mitoni na mabwawani. Huko, baadhi ya bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayojikusanya katika samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Wapo bakteria wengine wanaofanya kinyume. Jeni zao hutengeneza vimeng'enya: kimoja huivunja sumu hiyo ya samaki, kingine huigeuza zebaki iliyoyeyuka majini kuwa zebaki ya kawaida, isiyowadhuru sana, nayo huwatoka kama mvuke.

Haya yalianza kujulikana miaka ya 1960. Watafiti walichukua udongo uliochafuliwa na zebaki, wakaotesha bakteria wake katika chakula kilichotiwa sumu hiyohiyo, kisha wakawachunguza walionusurika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Ujerumani, majitaka ya kiwanda yalipitishwa katika tangi lenye bakteria wa aina hiyo. Sehemu kubwa ya zebaki ikanaswa humo kama matone.

Kwa mvuvi wa Ziwa Basotu, mfugaji anayenywesha ng'ombe bondeni na mama anayechota maji ya kupikia, elimu hii inaleta tumaini, ila ina mipaka. Metali haifi wala haiozi. Bakteria huibadilisha umbo tu, na mvuke usipokamatwa hurudi hewani. Tena, kusafisha maji yanayopita kwenye bomba la kiwanda ni rahisi kuliko kusafisha marudio yaliyotapakaa porini. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukuuzia chupa ya bakteria umimine kisimani. Kuchemsha maji nako huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki.

Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe. Mchimbaji anaweza kuanza leo: asichomee zebaki nyumbani wala karibu na watoto na wajawazito, atumie chombo cha kukamata mvuke, na marudio ayaweke mbali na maji. Mwanafunzi wa Haydom au Katesh anayependa biolojia naye asome kwa bidii, kwa sababu bakteria wa udongo wetu wanahitaji kuchunguzwa hapahapa. Sayansi itatusaidia kusafisha kilichokwisha kumwagika. Kuzuia kisimwagike tena ni wajibu wetu sote.