Asiyesikia la Mdogo

Wahenga wetu walinena: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ziko sinema zilizoipindua methali hiyo miguu juu kichwa chini, na vijana wakazipenda kwa sababu iyo hiyo. Ni zile sinema za kutisha zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1950, kwa fedha chache na kwa haraka.

Miaka ile televisheni iliwaweka wazazi nyumbani. Vijana nao walikwenda kwenye sinema za uwanjani, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Kampuni ya American International Pictures ikawatambua wateja hao. Mkuu wake mmoja, James Nicholson, mara nyingi alianza kwa kubuni jina la kushtua. Bango likafuata, na hadithi ikaja mwisho.

Mwaka 1957 kampuni hiyo ilitoa I Was a Teenage Werewolf, picha iliyopigwa kwa muda wa kama wiki moja. Michael Landon, ambaye alikuwa na miaka 20 na bado hajapata jina, aliigiza Tony, mwanafunzi mwepesi wa hasira. Tony apelekwa kwa daktari ili atulizwe. Daktari huyo amdunga sindano na kumlaza usingizi kwa maneno, akitaka kumrudisha kwenye unyama wa kale. Kijana akageuka mbwa mwitu, akaua. Basi mwovu ni nani hapo: mwenye manyoya, au msomi aliyekabidhiwa mtoto wa watu akamharibu?

Mwaka uliofuata ikaja The Blob. Mwongozaji wake, Irvin Yeaworth, alizoea kutengeneza filamu za dini ya Kikristo. Donge la rojorojo laanguka na kimondo, lameza watu, na kila limezapo hunenepa. Kijana aliyeigizwa na Steve McQueen apiga mbiu, lakini wakubwa wadhani ni utundu wa vijana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili lilikuwapo tayari. Kuokoka kwapatikana wazee waliposikia. Mwalimu mkuu mwenyewe avunja kioo cha shule yake ili vitolewe vizima-moto, maana donge laogopa baridi.

Ni kweli kwamba vitisho vyenyewe ni vya bei nafuu. Sura ya mbwa mwitu ni manyoya ya kubandika, na mtazamaji hushtuka kisha akacheka. Lakini kicheko hicho ni sehemu ya utamu. Hata sasa, katika mji wa Phoenixville, Pennsylvania, watu hukutana kila mwaka kwenye jumba la Colonial, lile lile lililoonekana katika The Blob, wakatoka mbio wakipiga mayowe.

Wako watakaosema huu ni upuuzi. Manyoya ni upuuzi, naam. Malalamiko yaliyo chini yake si upuuzi: kijana ameona hatari, amesema, hakuna aliyemsadiki. Nasi twajua kisa cha mtoto aliyemwendea babake na jambo la ajabu zaidi, nyota kumi na moja, jua na mwezi vikimsujudia. Nabii Yakub hakumcheka Yusuf. Alimsikiliza, akamsadiki, akamwonya.

Mtoto akija usiku kusema ameona kitu, tusianze kwa kumfokea. Tumuulize kwanza: umeona nini, mwanangu?