Presha inavyoumaliza moyo wa shabiki Mafia

MAFIA. Simba na Yanga zikikutana, Kilindoni yote inahamia kwenye vibanda umiza. Bao la dakika za lala salama likiingia, lazima utasikia mtu amejishika kifua: "Jamani, moyo wangu!" Watu wanacheka, mpira unaendelea.

Huo utani una ukweli ndani yake. Utafiti wa presha uliofanyika Kisiwa cha Mafia na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta karibu nusu ya watu wazima waliopimwa wana presha ya kupanda. Nusu! Chukua watu wazima 11 wa kijiweni, watano au sita wanayo. Wengi hawakuwa wanajua, na waliofanikiwa kuidhibiti walikuwa wachache mno.

Iweke hiyo pembeni ya takwimu za Muhimbili. Wagonjwa 427 ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi walifuatiliwa pale, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Asilimia 45 chanzo kilikuwa presha. Misuli ya moyo kuugua yenyewe ilibeba asilimia 28, valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki 12, na mishipa ya moyo kuziba 9. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya, wagonjwa wa aina hii wengi wao ni wazee waliovuka 70. Huku ni baba ambaye bado anasomesha.

SIYO KAMA FOÉ

Shabiki akisikia "moyo umefeli" picha inayomjia ni ya Marc-Vivien Foé. Juni 26, 2003, Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon na Colombia, dakika ya 72 kiungo huyo akaanguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida, tatizo ambalo mara nyingi mtu huzaliwa nalo. Au wanamkumbuka Christian Eriksen pale Copenhagen, Euro iliyochezwa 2021.

Hao moyo ulisimama ghafla. Umeme unaouongoza unavurugika, damu inakata, na bila kukandamizwa kifua na kupigwa shoti ndani ya dakika chache, imekwisha.

Moyo kushindwa kufanya kazi ni kitu kingine. Hapa moyo bado unadunda, ila damu unayosukuma haiutoshi mwili. Ni kama kiungo mkabaji aliyeisha pumzi lakini kocha hana wa kumwingiza. Yupo uwanjani, anakimbia, ila mipira inampita tu. Na hali hiyo inaweza kujijenga kwa miaka kabla mtu hajaenda hospitali.

UKUTA NA BASI

Moyo hudunda kama mara 70 kwa dakika. Kwa mtu aliyekaa tu benchi, ndani ya dakika 90 hizo ni mara 6,300, na kila dakika unasukuma kama lita 5 za damu. Haina mapumziko wala sub.

Presha ikiwa juu, chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho kinasukuma damu kwenda mwili mzima, kinakuwa kama timu inayoshambulia wapinzani waliopaki basi. Kila pigo linahitaji nguvu ya ziada. Msuli unafanya kama msuli wowote unaobebeshwa vyuma: unanenepa. Tatizo unanenepea ndani. Chumba kinabana, ukuta unakakamaa, na moyo unashindwa kulegea vizuri ili ujae damu. Hiyo ndiyo aina ya kwanza. Ukimpima mgonjwa kwa eko, ile mashine inayouonyesha moyo kwenye skrini kwa mawimbi ya sauti, utakuta kila pigo linatoa nusu au zaidi ya damu iliyomo, kiwango ambacho kwa macho ni kizuri. Ila iliyoingia ilikuwa kidogo, au imeingia kwa shinikizo linalorudi mpaka kwenye mapafu.

Aina ya pili ndiyo mtaani inaitwa moyo kutanuka. Ukuta umechoka, umelegea, chumba kimekuwa kikubwa kama mpira wa zamani uliovutika ngozi. Hapa kila pigo linatoa asilimia 40 ya damu au chini ya hapo. Presha inaweza kumfikisha mtu huku pia, baada ya msuli mnene kushindwa vita. Pombe nyingi ya miaka mingi inafikisha huku, baadhi ya virusi pia, na wapo kina mama ambao moyo unalegea mwishoni mwa ujauzito au miezi ya kwanza baada ya kujifungua, uchovu wao ukachukuliwa kuwa ni wa kunyonyesha tu.

Kinachoumaliza moyo zaidi ni mwili wenyewe kujaribu kuusaidia. Figo zikiona damu inayofika ni kidogo, zinadhani mwili umekauka, zinabana chumvi na maji. Homoni zinaupigia moyo kelele uongeze kasi, na mishipa inajikaza. Kwa muda mfupi inasaidia. Kwa miezi, ni kocha anayemfokea mchezaji aliyechoka akimbie zaidi. Ndiyo maana dawa nyingi za ugonjwa huu kazi yake ni kumnyamazisha huyo kocha: kupunguza mapigo, kulegeza mishipa, kukojoza maji ya ziada.

MATENDE AU MOYO?

Upande wa kushoto ukizidiwa, maji yanajaa kwenye mapafu. Mtu anahema akipanda ngazi, anakohoa usiku, analala na mito mitatu, au anaamka saa nane usiku kutafuta dirisha. Upande wa kulia ukizidiwa, miguu inavimba, tumbo linajaa, ini linauma. Mara nyingi wa kushoto ndio huanza kisha unauvuta wa kulia.

Kwa watu wa pwani hii ya miguu ina mtego. Mafia ni eneo linalojua matende, na mguu ukivimba wengi mawazo yanakwenda huko, au kwa mganga. Uvimbe wa moyo kwa kawaida unashika miguu yote miwili, ukibonyeza unaacha shimo, na asubuhi unakuwa umepungua. Ukiambatana na kuhema, mtu asisubiri.

Valvu nazo zina habari yake. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi vizuri, kinga ya mwili inageukia moyo, na miaka baadaye valvu zinavuja au zinabana. Nwankwo Kanu hakupata yake kwa njia hiyo, lakini valvu yake ndiyo iliyogundulika mbovu mwaka 1996, muda mfupi baada ya dhahabu ya Olimpiki, alipopimwa Inter Milan. Akafanyiwa upasuaji Marekani, na mwaka 1999 akatua Arsenal. Alipimwa kwa sababu klabu hupima kila mchezaji inayemsajili. Shabiki hasajiliwi popote.

Upasuaji wa valvu sasa unafanyika nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ila kutoka Mafia ni boti mpaka Nyamisati, kisha barabara, na kwa mtu anayehema akiwa amekaa hiyo ni safari ndefu. Kipimo cha presha hakihitaji boti. Kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, zaidi ya mara moja, ndiyo yenyewe, hata kama hakuna kinachouma. Chumvi inayoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, na ng'onda na mboga yake vinaweza kuimaliza kabla ya jioni.

Kwa ambaye tayari moyo wake umechoka, madaktari humpa kazi ndogo ya kila asubuhi: apande kwenye mzani baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hajanenepa. Hayo ni maji, na siku hiyo anatakiwa hospitali.