Pointi 17, mechi 10 na corona: Mchafukoge walivyosubiri filimbi

MEI 2020 ilikuwa imetimia miezi miwili tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, atangaze Machi 17 kusimamishwa kwa shughuli zote zinazokusanya watu, Ligi Kuu Bara ikiwemo. Zilitajwa siku 30. Zikaisha, zikaongezwa, na hakuna aliyezihesabu kwa uchungu kama shabiki wa mpira wa Kariakoo na Mchafukoge.

Huyu ni mtu ambaye wiki yake ilikuwa na mpangilio. Jumatatu ni kubishana kuhusu penalti ya jana. Jumatano kuna mechi ya kiporo. Ijumaa baada ya swala ni utabiri, Jumamosi na Jumapili ni redioni, kwenye televisheni ya duka la jirani au Uwanja wa Taifa kwenyewe. Mei hiyo ukipita barazani, kuanzia Mnazi Mmoja mpaka ndani kwenye maghorofa ya zamani ya Mchafukoge, ulikuta ndoo ya maji yenye koki mlangoni, sabuni imefungwa kamba isiibiwe, na watu wamevaa barakoa, nyingine nyekundu, nyingine za kijani na njano. Mpira haukuwepo, ila utani haukuugua.

Kulikuwa na jambo jipya la kuongelea. Jumapili ya Mei 17, akiwa Chato, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alisema hali ikiendelea kuwa nzuri anafikiria kufungua vyuo na kuruhusu michezo. Mwanzoni mwa mwezi huo pia aliligusia suala la ligi. Mpaka futari ya siku hiyo, habari ilishazunguka mtaa mzima, na baada ya tarawehe vikombe vya kahawa vilikuwa na kazi.

Swali halikuwa tena kama ligi itarudi, ila itarudi vipi, na nani atakubali kilichomo kwenye msimamo.

MSIMAMO UNAVYOSEMA

Ligi ilisimama Simba ikiwa na pointi 71 katika mechi 28. Azam ilikuwa na 54 kwa mechi hizo hizo 28, Yanga 51 ikiwa imecheza 27, na Namungo, ambayo ndio kwanza ilikuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ilihema nyuma yao na pointi 50. Kila timu ilikuwa inacheza mechi 38 msimu huo.

Piga hesabu. Azam ingeshinda zote 10 zilizobaki ingefika 84. Yanga ingeshinda zote 11 nayo ingefika 84. Kwa maana hiyo Simba ilihitaji pointi 14 tu kati ya 30 ili kusiwe na mtu wa kuigusa, hata kama wapinzani wake hawatadondosha hata sare moja. Na hao wapinzani wanadondosha. Siku nne tu baada ya kuifunga Simba, Yanga ililala 1-0 mbele ya KMC.

Ndio maana kila upande umegundua ghafla kwamba unajua sana mambo ya ligi za Ulaya.

Shabiki wa Simba amekuwa mpenzi wa Ufaransa. Pale ligi ilifutwa mwishoni mwa Aprili, PSG ikakabidhiwa ubingwa. Anawapenda pia majirani Kenya, ambako Aprili 30 shirikisho lao, FKF, liliitangaza Gor Mahia kuwa bingwa wakati mechi zaidi ya 10 zikiwa bado, japo kampuni inayoendesha ligi hiyo haikukubaliana na uamuzi huo. Kwa mtu wa Msimbazi, kesi imeisha: anayeongoza apewe chake, watu wakafanye biashara.

Shabiki wa Yanga yeye ni Mholanzi. Aprili 24, Uholanzi iliufuta msimu mzima. Ajax na AZ zilikuwa zimelingana kwa pointi 56, hakuna aliyepewa kombe, hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda. Huo ndio uungwana, wanasema watu wa Jangwani. Afya kwanza. Watani wao wanajibu kwamba hawakuwahi kuwasikia wakijali afya kiasi hicho mpaka walipoangalia msimamo.

Ukweli ni kwamba mfano wa Uholanzi hauingii hapa. Kule walioongoza walilingana, hapa aliyeongoza alikuwa na pointi 17 za ziada. Kama kuna wa kufananishwa na Simba ni Liverpool, iliyoiacha Manchester City kwa pointi 25 huku mechi zikibaki tisa, ikiwa imesubiri ubingwa wa England kwa miaka 30. Tofauti ni kwamba Simba haikuwa na njaa hiyo, ilikuwa imechukua miaka miwili mfululizo na huo ungekuwa wa tatu.

Hata hivyo, shabiki wa Simba anayetaka apewe kombe mezani anajidanganya kidogo. Kombe la kupewa kwenye barua lina maneno. Mtaa huu hausahau. Miaka 20 ijayo kutakuwa na mtu wa Yanga barazani atakayesema lile halihesabiki, lile la corona, na hakutakuwa na wa kumnyamazisha. Ubingwa unaochezewa mpaka mwisho ndio unaofunga midomo.

MACHI 8 INAVYOISHI

Ajabu ni kwamba pamoja na pointi zote hizo, aliyetamba mtaani alikuwa wa Yanga. Sababu ni moja: bao la Bernard Morrison.

Ile ya Machi 8 ilikuwa mechi kubwa ya mwisho kabla nchi haijaanza kuongea habari ya kunawa mikono. Uwanja wa Taifa unaoingiza watu 60,000 ulijaa, Rais Magufuli alikuwepo, na Rais wa CAF, Ahmad Ahmad, alikuwepo. Dakika ya 44, faulo, Morrison akapiga, mpira ukaingia, 1-0, na ikabaki hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku nane baadaye, Machi 16, mgonjwa wa kwanza wa corona nchini akatangazwa.

Kwa hiyo Yanga ilikaa miezi miwili ikiwa mshindi wa mwisho. Kawaida ushindi wa watani hutamba wiki, ikizidi sana mbili, halafu mechi nyingine zinakuja kuupoza. Huu haukupozwa na kitu. Simba kweli iliichapa Singida United 8-0 tarehe 11 ya mwezi huo huo, lakini mabao nane ya timu inayoburuza mkia hayazibi shimo la bao moja la mtani.

Mtu wa Yanga anakumbusha pia Januari 4. Simba ilitangulia 2-0, watu wa Msimbazi wakaanza kuimba, Yanga ikarudisha zote mbili na mechi ikaisha 2-2. Anachotaka kusema ni kwamba mpira una maajabu. Ni kweli unayo, ila maajabu ya dakika 90 na maajabu ya pointi 20 ni vitu viwili.

WANAOUMIA HAWAPO KARIAKOO

Mabishano haya ya ubingwa ni matamu, lakini yanaficha jambo. Simba ikipewa au isipopewa, mwakani itakuwepo. Yanga pia. Wenye roho mkononi ni wa chini.

Msimu huo wa 2019/20 timu nne zilikuwa zinashuka moja kwa moja na mbili zinakwenda mechi za mchujo, maana ligi yenyewe ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20. Sita kati ya 20 hazikuwa na usalama. Ukiifuta ligi hapa ilipo na kushusha waliopo chini, unamshusha mtu akiwa na mechi 10 mkononi. Ufaransa wamefanya hivyo hivyo: Amiens ilikuwa nyuma kwa pointi nne tu kutoka pale pa kupumulia, mechi 10 zimebaki, ikaambiwa imeshuka. Na ukisema hashuki mtu, kama Uholanzi, unamdhulumu wa chini yake. Waulize Cambuur, walikuwa wanaongoza daraja la pili na wakaambiwa wabaki hapo hapo.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwa Ndanda ya Mtwara, Lipuli ya Iringa, Mbao na Alliance za Mwanza. Timu hizi zilikuwa zinaishi kwa mapato ya mlangoni, na mlango wa maana hufunguka siku Simba au Yanga inapokwenda kwao. Kwa miezi miwili mlango ulikuwa umefungwa. Wachezaji walikuwa wamerudi makwao, wakikimbia barabarani alfajiri, na mikataba mingi ya mpira inaishia mwisho wa msimu. FIFA ilishauri Aprili mikataba isogezwe mpaka msimu utakapoisha. Ushauri mzuri, ila haukuja na mishahara.

Hapa Kariakoo nako kuna wanaoumia kimya. Muuza jezi wa pembezoni mwa Msimbazi au mitaa ya Twiga na Jangwani anauza siku ya mechi na wiki ya mechi, siku nyingine anapunga tu upepo. Kibanda umiza kilichokuwa kinajaza vijana kuangalia England hakikuwa na cha kuonyesha tangu Machi 13. Wazee wa mikeka ndio waliochekesha, kwani walijikuta wanazijua timu za Belarus, BATE Borisov na Dynamo Brest, kwa sababu Belarus haikusimama. Kijana ambaye hawezi kukuonyesha Minsk kwenye ramani alikuwa anakueleza beki gani ana kadi.

DORTMUND NA UWANJA MTUPU

Jumamosi ya Mei 16 angalau mpira wa maana ulirudi kwenye luninga. Bundesliga ilifunguliwa, na Borussia Dortmund ikaipiga Schalke 04 mabao 4-0, Erling Haaland akifunga la kwanza na kwenda kushangilia peke yake, wenzake wamesimama mbali kama wanaogopana. Hiyo ni dabi kubwa ya kule, uwanja ule hujaza watu zaidi ya 80,000. Safari hii zilisikika sauti za makocha na mpira ukigonga mguu. Kwa saa mbili watu wa Mchafukoge waliangalia, wakafurahi, halafu wengi wakasema ile ni kama mazoezi.

Na hapo ndipo penye kitendawili chetu. Ligi ikirudi, mashabiki waingie au wasiingie?

Walikuwepo waliosema kama sokoni watu wanabanana, kama daladala zinajaa, kama misikiti na makanisa hayajafungwa, kwa nini uwanja uwe dhambi? Ukisimama mtaa wa Congo saa nne asubuhi wiki hiyo, watu wakinunua nguo za Idd, hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini anayekwenda sokoni hafanyi kama anayekwenda Taifa. Sokoni huimbi kwa sauti saa tatu mfululizo, na Morrison akifunga hutamkumbuka Waziri wa Afya, utamkumbatia mtu usiyemjua. Foleni ya mageti ya Taifa siku ya watani kila mtu anaijua, ile hakuna anayepima mita moja.

Kuna pia suala la wazee. Klabu hizi mbili, moja ya mwaka 1935 na nyingine 1936, zimebebwa na watu wazima wa mitaa hii, wenye kadi za uanachama zilizochakaa na kumbukumbu ya Sunderland kabla haijaitwa Simba. Wengi wana presha na sukari. Baadhi yao hawakuonekana barazani tangu Aprili, sio kwamba waliugua, watoto wao waliwakataza kutoka. Hesabu ya serikali ya Aprili 29 ilikuwa wagonjwa 480 na vifo 16. Mzee wa miaka 70 aliyesikia hesabu ile haendi kubanana getini, na kijana anayetoka kubanana anarudi nyumbani kulala ukuta mmoja na babu yake.

Njia ya katikati ipo: uwanja wa watu 60,000 uingize wachache, tiketi ziuzwe mapema kwa mtandao, viti viachwe nafasi, na mechi nyingi zionekane Azam TV. Kwenye makaratasi inakaa vizuri. Kazi ni kumwambia shabiki wa Simba kwamba timu inakabidhiwa kombe halafu yeye abaki nyumbani.

KOMBE LA FA LINAVYOSUBIRI

Shabiki wa Yanga mwenye akili alikuwa ameshaachana na ligi, akiangalia Kombe la FA. Mashindano hayo yalikuwa yamefika robo fainali na Yanga ilikuwa bado imo. Bingwa wake anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika, na kwa pointi 20 zilizokuwepo mbele, ndio ilikuwa njia ya Jangwani ya kupanda ndege mwaka unaofuata. Ligi ikifutwa na FA ikafutwa nayo, Yanga inabaki na faulo ya Morrison tu. Hilo, wale wanaoomba msimu ufutwe hawajalipigia hesabu.

Simba nayo ilikuwa imo, Azam imo, Namungo imo. Makocha wa Kariakoo wa wakati huo wote wawili, Sven Vandenbroeck na Luc Eymael, walikuwa Wabelgiji, na kwao tayari msimu ulikuwa umefungwa rasmi Ijumaa ya Mei 15, Club Brugge ikatangazwa bingwa. Wao walijua mlango wa kufunga ulivyo. Huku walikuwa wanasubiri wa kufungua.

Idd ilitarajiwa Jumapili ya Mei 24. Mtaani walisema tamko litakuja kabla au mara tu baada ya hapo, na tayari kulikuwa na waliokwishawekeana dau la chai na chapati: Simba itahitaji mechi nne au tano kumaliza kazi.